UZI: Land Rover 109 ya mzee, Mkonga wangu, na gari gumu ni lipi hasa

#1 Mwana wa Makete

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana wa jirani alinijia na swali. Amelima viazi miaka minne, hela ameitunza, sasa anataka gari la kuingilia shambani masika. Anunue Land Rover au Land Cruiser? Tulianza kuongea pale getini saa moja, mke wangu akatuita kula mara mbili, tukaachana saa nne usiku. Nikaona yale niliyomwambia niyaweke hapa, maana swali hili linaulizwa kila wiki na majibu yanageuka ushabiki kama wa Simba na Yanga.

Mimi nimekulia ndani ya Land Rover 109 ya baba yangu, na tangu 2011 naendesha Land Cruiser yangu mwenyewe, ya 70 Series, ile mtaani tunayoiita Mkonga. Zote mbili zimewahi kunilaza njiani. Zote mbili nazipenda. Nilichojifunza ni kwamba gari gumu ni lile linalotengenezeka. Likikukatikia Kitulo saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha na baridi lile mnalijua, swali ni moja tu: yupo mtu wa karibu mwenye spana na akili ya kulifanya litembee tena? Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Nianze na Land Rover ya mzee. Ilikuwa Series IIA ya 1966, zile ambazo taa za mbele zimekaa katikati karibu na grili, kama mtu mwenye macho yaliyokaribiana. Injini ya petroli, lita 2.25, silinda 4. Tairi la akiba liko juu ya boneti. Mzee aliinunua mnadani 1988, ikawa inabeba viazi kutoka Makete kwenda Njombe, na kurudi na chumvi, sabuni, mabati na watu. Barabara ilikuwa bado haijaota lami. Kuna siku tulitumia saa kumi na tatu.

Mlango wa upande wa kushoto uligongwa na fahali wa jirani nikiwa darasa la pili. Lile bonde lipo hadi leo, na halijawahi kushika kutu. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua sababu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa haina chuma cha kutosha. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na aliyepewa kipaumbele ni mwenye kiwanda kinachouza nje na kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover ilikuwa inatengeneza magari ya watu wa mjini, na mauzo hayo ya nje haikuwa nayo. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales, na pale shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Akawaza: Jeep hii ikifa nitanunua nini? Hapo 1947 ndipo wazo lilipozaliwa. Bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu, kwa sababu hiyo ilikuwepo tele baada ya viwanda vya ndege kupunguza kazi, na rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa ile ya ndani ya ndege iliyobaki. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Walilifikiria kama kitu cha kuwavusha miaka miwili mitatu tu mpaka mambo yatulie.

Kwa hiyo bonde la mlango wetu lina historia ndefu kuliko mimi.

Naendelea kesho na habari ya shafti, na ya Mkonga.


#2 Difu Loki

Mkuu, endelea, tumekaa. Ila nina swali mapema. Mimi nina Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi, na watu wote mtaani wanaiita Difenda, halafu Land Cruiser pikapu ya polisi nayo wanaiita Difenda. Hili jina limekuwaje?


#3 Mwana wa Makete

Mkuu Difu Loki, hili nalipenda. 110 ilitoka 1983 ikiitwa One Ten tu, ikafuatiwa na 90 mwaka uliofuata. Jina la Defender lilikuja 1990, kwa sababu kampuni ilikuwa imeshatoa Discovery 1989 na ikabidi gari la zamani nalo lipewe jina lake. Huku kwetu polisi walizitumia sana, basi kijana akikamatwa anasema "nimepandishwa difenda". Gari likabadilishwa, likaja la Toyota, neno likabaki palepale. Leo mtu anapandishwa difenda ambayo ni Land Cruiser na hakuna anayeshangaa. Ni kama shangingi: lilikuwa neno la mwanamke wa mjini mwenye madoido mengi, likahamia kwenye Land Cruiser VX za wakubwa serikalini, sasa hivi ukisema shangingi wengi wanaona gari kwanza.

Sasa habari ya shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu (boksi la gia la katikati ya ekseli) kupeleka nguvu kwenye gurudumu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tunapanda kilima tumebeba magunia ishirini na mawili, tope jekundu limefika kwenye rimu. Mzee akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, tukasikia "tak!", kama mtu amevunja mwiko. Injini inanguruma, gia imeingia, gari halisogei hata kidole. Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kushuka bila kuambiwa.

Mzee hakusema neno. Alichukua spana, akaenda gurudumu la nyuma kulia, akafungua bolti sita za kwenye habu, akavuta shafti ikatoka bila hata kupiga jeki. Ilikuwa imekatika kwenye meno, ncha imebaki ndani ya difu, na pale ilipokatikia palimeta kama sukari. Akaifuta, akaiweka chini ya kiti, akarudishia kifuniko ili mchanga usiingie. Akakaa kwenye usukani. Kwenye zile Land Rover kuna kitufe cha njano, ukikibonyeza chini magurudumu ya mbele yanaingia kazini, na mkono mwekundu, ukiuvuta nyuma unapata gia nzito. Akavuta mwekundu. Gari likatambaa likivutwa na mbele peke yake, nusu ya magunia tumeyaacha kwa mama mmoja pale kijijini, tukafika Njombe saa saba usiku.

Asubuhi fundi mmoja mzee alitoa kile kipande kilichobaki ndani ya difu kwa sumaku ya spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye fimbo kwa mpira wa tyubu. Nilishika taa. Mpaka leo naona ile ncha ikitoka polepole, imeng'ang'ania sumaku, inachuruzika oili.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa Land Rover za zamani, shafti za nyuma. Na hiyohiyo ndiyo sifa yake, kwamba mtu anaweza kuitoa barabarani kwa spana moja. Series III za 109 zilizotoka miaka ya 1970 zilipewa difu ya nyuma ya Salisbury, nzito zaidi, na kilio cha shafti kikapungua sana.


#4 Mkazi wa Namanga

Salamu kutoka upande wa Kenya. Sisi Land Rover zetu nyingi ziliungwa hapa Thika, kiwanda cha Leyland, ndiyo maana huko Maralal na Isiolo utapata mzee bado ako na moja na inatembea. Spea unatafuta Grogan, kule Nairobi, na kama hakuna, fundi wa jua kali anachonga. Lakini swali langu ni hili: kama Land Rover ilikuwa imeshika kila mahali, serikali, misheni, mashamba, ilishindwaje na Toyota?


#5 Mwana wa Makete

Ndugu wa Namanga, karibu sana. Jibu langu ni refu kidogo.

Toyota nayo ilianza na Jeep. Mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, ilitengeneza gari lililoitwa BJ, na ili kuwaonyesha polisi wa Japani uwezo wake, dereva wa majaribio alipanda nalo Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Polisi wakaagiza. Jina la Land Cruiser likaja 1954, kwa sababu Jeep lilikuwa jina la wenyewe. Sasa angalieni jambo moja: ndani ya BJ waliweka injini ya lori, silinda 6, lita 3.4. Land Rover ya 1948 ilikuwa na lita 1.6. Tangu siku ya kwanza falsafa zilikuwa mbili. Mwingereza alitengeneza gari jepesi la mkulima. Mjapani alichukua nguvu ya lori akaivika bodi ndogo. Ukibeba magunia ishirini na mawili, unaijua tofauti kwenye kilima cha kwanza.

Halafu ukaja uchumi. Miaka ya 1970 Land Rover ilikuwa ndani ya British Leyland, kampuni iliyolemewa mpaka serikali ya Uingereza ikaichukua 1975. Watu walikuwa wanazitaka Land Rover kuliko kiwanda kilivyoweza kutoa, na injini ya lita 2.25 ikabaki ileile. Toyota wakati huo ina 40 Series, iliyotoka 1960, yenye injini kubwa, na magari yapo, unaagiza unapata. Australia ndiyo iligeuka mapema, huko kwenye mradi mkubwa wa mabwawa wa Snowy Mountains ambako Land Cruiser ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kufanya kazi ngumu. Huku kwetu baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, spea za Land Rover zikawa dhahabu. Magari mengi mazima yaliegeshwa kwa kukosa kitu kidogo kama oili sili.

Mwaka 1984 ikaja 70 Series, na 1990 ikapewa injini ya 1HZ. Wakuu, hapa nisimame kidogo.

1HZ ni dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Haina haraka. Ukiikanyaga inakujibu baadaye kidogo, kama mzee anayefikiri kabla ya kusema. Lakini asubuhi ya baridi kule Makete, unasubiri taa ya plagi izime, unapiga mara moja, inakaa kwenye mlio wake, na hapo unaweza kwenda nayo popote. Nina zaidi ya kilomita 400,000 kwenye hii yangu na silinda hedi haijafunguliwa ila mara moja. Hiyo mara moja ndiyo nitaisimulia sasa.

Niliinunua 2011 kutoka kwa taasisi iliyokuwa inauza magari yake. Kwenye injini kulikuwa na karatasi imebandikwa: taimingi beliti (mkanda unaopatanisha pistoni na valvu) imebadilishwa, tarehe na kilomita vimeandikwa. Nikaamini karatasi. Miezi mitano baadaye, napanda mlima wa Kitonga, gia ya pili, nyuma yangu malori mawili. Injini ikazima. Hakuna mlio wa ajabu, hakuna moshi, imezima tu, na usukani ukawa mzito. Nikaivuta pembeni kwa kuachia irudi nyuma taratibu, utingo wa lori la nyuma akaniwekea jiwe chini ya gurudumu. Mungu ambariki popote alipo.

Fundi alipofungua kifuniko, beliti ilikuwa imechanika vipande, meno yameliwa, ni ileile ya siku nyingi sana, karatasi ilidanganya. Pistoni zilikuwa zimegonga valvu. Shilingi milioni mbili na laki nane, na wiki tatu kwa miguu. Beliti yenyewe ingekuwa sehemu ndogo sana ya hela hiyo.

Kwa hiyo kijana wangu nilimwambia: 1HZ ukiinunua iliyotumika, beliti na beringi yake ya kukazia unabadilisha wiki hiyohiyo. Usisome karatasi. Kisha kila kilomita 100,000.


#6 Binti Gereji

Shikamoo mleta uzi, na wakuu wote. Mimi ni fundi, niko Arusha, kazi yetu kubwa ni magari ya watalii. Nataka kuongeza upande wa chesisi, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia.

Land Rover ni bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Mnunuzi anazunguka gari, anaona bodi haina kutu hata doa, anafurahi. Chini chesisi imeoza kwa ndani, hasa mtambaa wa nyuma (kile chuma kilichokingama mwishoni mwa chesisi) na ile mikono inayoshika bodi. Njoo na nyundo ndogo, lala chini, gonga taratibu kuanzia nyuma kuja mbele. Chuma kizima kinalia "ting". Ukisikia "dub", kama unagonga ubao uliolowa, hapo ndani ni unga. Na ukikuta imepakwa rangi nyeusi nzito mpya chini kote, gonga mara mbili. Magari yaliyokaa Tanga, Dar na Mombasa yana chumvi, hayo msiyaamini hata yakiwa mazuri.

Land Cruiser za utalii ni habari nyingine. Nyingi tunazikata chesisi na kuzirefusha, tunaongeza viti na paa la kufunguka. Ikifanywa vizuri, vipande vya kuimarisha ndani na nje, inakaa miaka. Ikifanywa vibaya inaanza kupasuka pale pale kwenye mshono, na barabara zenye mawimbi za Serengeti na Ngorongoro zinamaliza kazi. Kampuni ikiuza gari la namna hiyo, mnunuzi aangalie mshono kwa tochi. Ufa wa kwanza unakuwa mwembamba kama unywele, unaonekana kwa mstari wa kutu tu.

Kingine, tazameni ile mipira ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Ikiwa na utelezi mweusi, kama supu, maana yake sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi. Wauzaji huifuta siku ya kuonyesha gari. Endesha kilomita ishirini, shuka, angalia tena.


#7 Difu Loki

Dada, hilo la kuendesha kilomita ishirini kwanza sijawahi kulisikia. Asante sana.

Mleta uzi, sasa 300Tdi yangu dhidi ya 1HZ, unasemaje kwa uaminifu?


#8 Mwana wa Makete

Marahaba Binti Gereji. Umenifundisha, na hiyo ya "ting" na "dub" nimeijaribu leo asubuhi. Nitasema nilichosikia mwishoni.

Mkuu Difu Loki, 300Tdi ni injini nzuri na sitaki mtu akudanganye. Lita 2.5 yenye tabo, inakula kidogo kuliko 1HZ kwa tofauti ya kueleweka. Mimi Mkonga inanipa kama kilomita nane kwa lita nikiwa mpole, wewe nina hakika unapita hapo. 110 yako ina koili, inalala vizuri kwenye mashimo kuliko springi za pleti, na magurudumu manne yanavuta muda wote, ukiingia kwenye utelezi unafunga difu ya kati tu. Huo ni uhandisi wa hali ya juu kwa gari la 1983. Lakini 300Tdi haivumilii joto. Ikipungukiwa maji kidogo tu, hedi inapinda. 1HZ inaweza kukusamehe mara moja. Kwa hiyo wewe rejeta, mipira ya maji na geji ya joto ndio watoto wako. Geji ikipanda, simama. Usiseme nifike pale mbele.

Na kwa wenye 1HZ wanaotaka kuongeza tabo ili wapande Kitonga na mabasi: injini ile haikuumbwa kwa joto hilo, nimeona hedi mbili zimepasuka kwa watu ninaowajua. Nendeni taratibu.

Kinachobaki ni spea, na hapa Toyota inashinda bila mjadala. Filta, sili, beringi za 70 Series nazipata Njombe mjini. Za Land Rover naagiza Gerezani Dar es Salaam au Arusha, na mara nyingi zipo za ubora wa namna tatu kwa bei tatu. Chukua ya juu. Sili ya bei nafuu nimeibadilisha mara tatu kwa mwaka mmoja.


#9 Mkazi wa Namanga

Hapa Kenya gari likipita miaka minane haliingii nchini, kwa hivyo hizi 70 Series za zamani tunanunuliana wenyewe kwa wenyewe na bei haishuki. Pikapu mpya za Land Cruiser 79 zinaungwa Mombasa. Sasa, kijana wako wa viazi, ulimwambia anunue nini hatimaye? Na ile 109 ya mzee iko wapi?


#10 Mwana wa Makete

Ndugu yangu, kijana nilimwambia atafute 70 Series yenye 1HZ, pikapu, isiyorefushwa, iliyokaa bara. Kwa biashara ya viazi gari lililolala gereji wiki moja ya mavuno linakula faida ya mwaka. Angekuwa anataka gari la kuishi nalo na kulijua kila bolti, na ana fundi wa Land Rover jirani, ningemwambia 110 bila wasiwasi. Land Rover inakuomba kitu kidogo kila wiki: kaza hapa, ongeza oili pale. Land Cruiser inanyamaza muda mrefu, halafu inakuletea bili moja. Ajijue yeye ni mtu wa aina gani.

109 ipo. Mzee alifariki 2017 na hatukuiuza. Uzalishaji wa zile za umbo la zamani Uingereza ulifungwa Januari 2016, mzee aliisikia redioni, akatoka nje akaenda kuifunika turubai. Hiyo mpya inayoitwa Defender, iliyoanza kuuzwa 2020, ni gari zuri, lakini halina chesisi ya kulala chini na kuigonga.

Leo asubuhi nimelala chini ya 109 na nyundo, kama Binti Gereji alivyoelekeza. Kuanzia mbele mpaka usawa wa gia boksi inalia "ting" safi. Mtambaa wa nyuma, upande wa kulia, "dub". Nimesukuma kwa bisibisi ikazama. Nimeshampigia fundi, anakuja Jumamosi na mashine ya kuchomelea, tutakata pale tuweke chuma cha milimita tatu. Binti Gereji, nishauri: tushushe tangi la mafuta kabisa kabla ya kuchoma, au kulifunika na blanketi lililolowa kunatosha?


#11 Binti Gereji

Shusha tangi, mzee wangu. Litoe nje kabisa, na betri ichomoe. Blanketi usithubutu.